Kidole Gumba cha Marehemu

Mara ya kwanza mashine iliwasha taa nyekundu. Mara ya pili, nyekundu. Mara ya tatu karani alimsukumia kitambaa chenye spiriti, akamwambia afute kidole vizuri kisha abonyeze taratibu.

"Usikandamize hivyo, mzee. Huui chawa hapo."

Watu wa nyuma kwenye foleni wakacheka. Na yeye akacheka kidogo, maana aliyekuja kuomba hana budi kucheka na wenye nyumba. Akafuta. Akabonyeza. Nyekundu.

Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye karatasi tu. Watu walimwita Matuta, kwa sababu matuta ya shamba lake yalinyooka kama yamepigwa kamba. Miaka thelathini na minane ya mpini wa jembe. Karani aliushika mkono wake, akaugeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha kama anayechagua nyanya, akaurudisha.

"Huna alama, mzee. Kidole kimefutika. Kimekuwa kama kisigino."

"Ndicho nilicho nacho, mwanangu."

"Mashine haitaki ulicho nacho. Inataka michirizi."

Mwaka uliopita ilikuwa hivyo hivyo, dirisha hilo hilo. Serikali ilitangaza mbolea ya ruzuku, mifuko mitatu kwa kila mkulima aliyeandikishwa kwa kidole, na kidole chake kiligoma. Mkewe alikuwa ameegemea ukuta pale nyuma, wiki ya pili tangu atoke hospitali. Mtu mmoja kwenye foleni akasema, jaribuni cha mama. Mama akaweka gumba lake mara moja tu, taa ikawaka kijani. Miezi mitano alikuwa amelala kitandani bila kugusa jembe, na ngozi ilikuwa imemrudia laini kama ya mtoto. Basi shamba likaandikwa kwa mtu ambaye hakuweza kutoka kitandani hadi mlangoni bila kushikwa mkono.

Njiani kurudi mama alicheka hadi akakohoa. "Kuanzia leo mkulima ni mimi," alisema. "Wewe kibarua wangu. Na ukichelewa asubuhi, mimi na wewe!"

Mahindi hayajatoa mbelewele, wakamzika pembeni mwa shamba lile, upande wa juu, pasipotuama maji.

"Mkulima aliyeandikwa ni huyu mwanamke," karani alisema sasa, akitazama kioo cha kompyuta. "Aje yeye."

"Alifariki." Akatoa cheti cha kifo kwenye mfuko wa plastiki, akakiweka juu ya meza kwa mikono miwili.

Karani alikisoma, akakirudisha polepole. "Nikikiingiza hiki, mkulima anafutika, na shamba linafutika pamoja naye. Unaanza upya kama mgeni. Na mgeni anaanza na kidole."

"Na usipokiingiza?"

"Basi yuko hai. Aje."

Mzee alisimama. Foleni ikaguna. Karani akainama karibu na dirisha, akashusha sauti, na kwa haki ya Mungu hakuwa na ubaya usoni. "Nikushauri kama baba yangu. Kapumzishe mikono. Wiki sita usishike jembe, usipasue kuni, usifue. Paka mafuta asubuhi na jioni. Ngozi itarudi. Ukija nayo nakuandika dakika mbili tu."

"Wiki sita ndiyo mvua yenyewe. Atalima nani?"

"Mzee, kwani wewe unataka mbolea au unataka kulima?"

Swali hilo alilibeba njia nzima. Ardhi yake ilikuwa imechoka. Bila mbolea ilitoa mabua, na vigunzi visivyotosha hata kuku kuchezea. Mbolea ya dukani ilikuwa ya wenye magari. Msimu uliopita, kwa mifuko mitatu ile ya kidole cha mgonjwa, alivuna hadi akakosa pa kuweka, na mwenye mavuno hakuyala. Alifika nyumbani, akalitazama jembe nyuma ya mlango, akaligeuza likatazama ukuta.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu aliyeolewa nyumba ya tatu, ndiye aliyekuja kumpikia na kumwoshea vyombo. Jioni alimpaka mafuta ya mgando na kumfunga vitambaa mikono yote miwili.

"Umekuwa bibi harusi, shemeji. Bado shela tu."

"Nitafutie na bwana."

"Bwana yupo. Serikali. Ila mahari yake hailipi."

Wakacheka. Wiki ya kwanza walicheka sana. Wiki ya pili sugu zilianza kubanduka, vipande vya njano vigumu kama kucha. Wiki ya tatu majirani walikuwa wameshapiga matuta, na magugu ya shambani kwake yalifika magotini. Jirani mmoja alipita na jembe begani, akasema, "Matuta, siku hizi unalimia wapi, sebuleni?"

Wiki ya nne alijipangusa uso asubuhi, akashtuka. Mkono uliogusa shavu lake haukuwa wake. Ulikuwa laini, wenye ubaridi kidogo, na aliujua. Mkono huo ulimgusa shavuni hivyo hivyo siku za mwisho, ulipotaka maji. Akauondoa usoni, akautazama pande zote mbili. Tangu siku hiyo alikula kwa kijiko, na alilala mikono ikiwa nje ya blanketi.

Simu ya marehemu aliichaji dukani kila Jumatatu, maana taarifa za mbolea zilikuja humo. Kusoma hakukuwa kwake. Aliishia darasa la tatu. Herufi moja moja alizijua, zikishikana zilimshinda. Shemeji ndiye aliyemsomea, na sauti yake ilikuwa ya dada yake, ile ile, hata namna ya kuvuta pumzi kabla ya neno refu. Mzee alizoea kutazama ukuta anaposomewa.

Wiki ya tano simu ikalia.

"Ndugu mkulima," shemeji alisoma, "umepokea mifuko mitatu ya mbolea leo, saa nne na dakika kumi asubuhi. Asante kwa kulijenga taifa."

"Nani kapokea?"

"Wameandika jina la dada."

"Rudia."

Akarudia. Sauti ile ikasema kwamba imepokea mifuko mitatu. Mzee akatoka nje. Aliona aibu, lakini alikwenda. Alipita kwenye magugu hadi upande wa juu, akalitazama kaburi. Udongo ulikuwa umetulia, nyasi zimeota juu yake, hakuna palipochimbuka. Alilizunguka mara mbili akitafuta nyayo.

Kesho yake alfajiri alikuwa mlangoni kwa mtunza ghala la mbolea.

"Mkeo alichukua," mtunza ghala alisema, akipiga mswaki.

"Mke wangu amekufa, ndugu yangu. Huu mwezi wa nane tangu tumzike."

"Hayo ya kwenu. Mashine inasema mwanamke, shamba lile, mifuko mitatu. Imesoma." Akatema povu. Kisha akamtazama yule mtu na mikono yake iliyofungwa vitambaa, akaona huruma, au uvivu wa kubishana. "Sikiliza. Mgonjwa, kikongwe, kilema, mashine ikiwakataa, kuna kidole cha msimamizi. Anaweka chake kwa niaba."

"Msimamizi nani?"

"Bwana shamba. Nani mwingine?"

"Kwa hiyo siku ile changu kilipogoma, angeweza kuweka chake?"

"Angeweza."

"Mbona hakuweka?"

"Ulikwenda ofisini kwake na nini?"

"Na shida yangu."

"Mkono mtupu haulambwi, mzee," mtunza ghala alisema, akasuuza mswaki. "Hata ukiwa laini."

Bwana shamba alimpokea ofisini kwa kiti na maji ya kunywa. Alikuwa mtu mpole, wa shati lililopigwa pasi. Alimwita mzee wangu.

"Mzee wangu, unamshitaki nani?"

"Simshitaki mtu. Nauliza mbolea ya marehemu."

"Marehemu. Kwenye mashine yupo hai."

"Nilileta cheti."

"Nionyeshe kilipoingizwa." Alingoja, akitabasamu. "Hakuna. Sasa tazama. Miezi minane unashika simu ya mtu aliyekufa, unaichaji, unangoja haki yake. Hilo kisheria lina jina lake. Silitaji, kwa sababu nakuheshimu." Akaisogeza glasi ya maji. "Kunywa. Halafu nenda dirishani ukajaribu hicho kidole. Kikikubali nitapita mwenyewe kukagua shamba, nikusainie, mambo yaishe."

Akaenda dirishani. Karani alimfungua vitambaa kwa mikono yake, akamshika gumba, akaliweka kwenye mashine. Kijani. Papo hapo, bila kusita.

"Umeona?" karani alifurahi kwelikweli, hadi akapiga kofi. "Si nilikuambia?"

Mzee alilitazama gumba lake likiwa limejaa kioo kizima cha kompyuta, michirizi imepangika moja baada ya nyingine, imenyooka. Hakufurahi. Alihisi kama amepitisha kidole cha mtu mwingine.

Bwana shamba alifika siku ya tatu, mawingu yakiwa yameshuka. Nyuma ya pikapu yake kulikuwa na chembe nyeupe zimejikusanya kwenye pembe, kama chumvi. Alisimama barabarani, hakutaka kuingia kwenye magugu na viatu vile.

"Shamba ndilo hili?"

"Ndilo."

"Mbona halijalimwa?"

"Niliambiwa nisilime. Nipumzishe mikono."

"Na nani?"

"Na ofisi yako."

"Kwa maandishi?"

Bwana shamba aliandika, akageuza ukurasa, akaandika tena. "Ruzuku ni ya mkulima, mzee wangu. Mimi hapa nikisema kuna mkulima, nitakuwa nimeiibia serikali." Akampa mkono wa kuagana. Alipoushika ule wa mzee alishangaa, akautazama. "Mikono yako laini kuliko ya kwangu," alisema, akacheka, akapanda gari.

Mzee aliingia ndani, akaligeuza jembe lililotazama ukuta. Alianzia upande wa juu, hatua tatu kutoka kaburini. Kabla tuta la kwanza halijafika katikati malengelenge yalikuwa yameinuka viganjani. Kabla halijafika mwisho yalikuwa yamepasuka, na mpini ukaanza kuteleza. Akatazama nyuma. Tuta lilikuwa limepinda.

Shemeji alikuja akikimbia na simu. "Imelia tena."

"Soma."

"Ndugu mkulima." Alivuta pumzi. "Je, mbolea uliyopokea imekufaa? Kama ndiyo, bonyeza moja. Kama hapana, bonyeza mbili." Akangoja. "Nijibu nini, shemeji?"

Alinyoosha mkono, akapewa simu. Ngozi ya gumba ilikuwa imebanduka, inaning'inia, na chini yake palikuwa pekundu pasipo na mchirizi hata mmoja. Alilishikilia juu ya vitufe.

"Hawakuniuliza mimi," mzee alisema.

Akaenda hadi kaburini, akaichomeka simu kwenye nyasi, uso wake ukitazama juu. Kisha akarudi kwenye jembe, akaanza tuta la pili. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa, yakiacha vishimo kwenye udongo. Shemeji alimwita mara mbili kwamba simu italowa. Nyuma yake ikalia tena, ikawaka kwenye nyasi, ikangoja, ikazimika. Ikawaka tena.