Pini Kwenye Picha ya Taya

Fundi cherehani huyu alikuwa hacheki bila kuziba mdomo. Jino lake moja la chonge halikuwahi kuota. Lilijilaza zake ndani ya mfupa, likamwachia pengo. Watoto wake walijua kicheko cha mama ni kiganja usoni na mabega yanayotikisika, basi.

Daktari wa kupanga meno alikuwa amemweleza wazi: picha ya kawaida inaonyesha chonge limekutana na mzizi wa jino la mbele, lakini haisemi liko mbele yake au nyuma. Likiwa limeula mzizi, jino la mbele nalo litang'olewa. Tangu siku hiyo chakula hakikumpita kooni. Leo alikuja na mumewe kupigwa picha ya pande zote.

Sasa jamani, mtu mwenye hofu si akae atulie? Thubutu! Pale mapokezi aliona upindo wa suruali ya mumewe umefumuka. Akachomoa pini kwenye ukosi wake, akaibana mdomoni, ndani ya shavu, kama afanyavyo kazini kutwa nzima, na papo hapo akaitwa.

"Vua kila chuma, mama," alisema mpiga picha.

Akavua hereni, mkufu na vibanio vya nywele. Pini? Alishazizoea hata hazisikii tena. Akang'ata kijiti cha plastiki, mashine ikamzunguka kichwa, naye akatulia tuli.

Daktari alipoifungua picha kwenye kompyuta, mistari myeupe ilikuwa imetapakaa kila mahali. Jino halionekani ng'o.

"Mama, uliwahi kuwekewa chuma kwenye taya?"

"Chuma? Mume wangu, nimekwisha!"

Mume alisogeza pua hadi kwenye kioo. "Daktari, mbona hiki chuma kina kichwa? Mke wangu, hebu pitisha ulimi shavuni."

Akapitisha. Uso ukambadilika. Akaitoa pini taratibu, akaipangusa kwenye gauni.

"Lo! Nami nilidhani nimeidondosha kule nje."

Daktari alinuna, maana hapendi kumpiga mtu mionzi mara mbili, lakini ile picha haikufaa kitu. Safari hii walimkagua mdomo kwa tochi. Wakamkagua na mumewe, sijui kwa nini.

Picha ya pili ikatoka safi. Daktari akaizungusha, akaigeuza, akaizungusha tena. Fundi alimbana mumewe mkono mpaka ukafa ganzi.

"Liko nyuma, upande wa kaakaa," daktari alisema. "Mzizi haujaguswa. Tutafungua fizi kidogo, tugundishe kifungo kwenye chonge, kisha tulivute polepole kwa waya mpaka lishuke."

"Kifungo?"

"Kifungo, mama. Kidogo tu."

"Mdomoni mwangu mimi?"

Hapo kicheko kikamtoka. Alicheka mdomo wazi, pengo nje, mikono yote miwili tumboni. Mumewe alimkodolea macho.

"Kumbe ndivyo unavyocheka," alisema. "Miaka yote hii umeninyima, mke wangu."

"Subiri lishuke, utanikimbia kwa kelele," alijibu akijifuta machozi, kisha akauinamia ule upindo na kuchomoa pini nyingine ukosini.

"Mkononi!" walimpigia kelele wote kwa pamoja.