Stempu za Mialiko ya Geneva

Mume wangu Elwood hakuwahi kukosea hata siku moja, na kama unabisha, kamuulize mwenyewe. Kila Alhamisi jioni chama chetu cha stempu kilikutana katika chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri, na yeye alikaa kwenye meza ya uthamini, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni, watu wamejipanga mbele yake na makasha ya marehemu baba zao. Nusu yao walidhani wameshika utajiri. Elwood aliwaamsha upesi. "Hii meno ya kingo zake yamekatwa kwa mkasi." "Hii imepakwa gundi ya juzi, inuse mwenyewe." Na mtu wa watu anafunga kasha lake, uso umemshuka, anarudi kwao.

"We mwanaume, huwezi kuwapa hata neno tamu moja?" nikamwambia siku moja tukiwa garini.

"Ardith, stempu haina huruma."

"Stempu haina, lakini wewe una mdomo!" Akawasha gari. Nilimpenda hivyo hivyo, Mungu anajua ni kwa nini.

Basi akaja Geneva Pruitt, jirani yetu, mjane wa Harlan. Harlan alikuwa kama nusu ya wanaume wa Ohio wa enzi zake: Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha alikuwa akinunua stempu mpya za senti tatu, karatasi nzima nzima, anazilaza kabatini akiamini zitamtajirisha uzeeni. Shida ni kwamba kila mtu alifanya hivyo. Zimejaa nchi nzima, hakuna anayezitaka, na stempu ya senti tatu mpaka leo ni ya senti tatu. Geneva alikuwa anaolewa tena, na Clyde Ostrander, aliyekuwa akiuza matrekta kabla ya kustaafu, na alitumaini kasha la Harlan lingegharamia sherehe.

Elwood akaitazama karatasi ya juu. Zilizobaki akazipitisha pembe kwa kidole gumba, fyuu, kama mtu anayechanganya karata. Wathamini wote hufanya hivyo kwa stempu za aina hiyo. Ukifungua karatasi moja moja utaonekana mgeni wa kazi. Isitoshe alikuwa na njaa, na nyumbani nilikuwa nimeacha nyama ya kusaga kwenye oveni.

"Geneva, hizi ni za kubandika kwenye barua tu," akasema. "Tuma nazo mialiko ya harusi. Posta bado wanazipokea."

"Zote?"

"Zote."

Geneva akacheka, lakini nilimwona akilifunga kasha bila kututazama. Nilitamani kumfinya Elwood chini ya meza.

Wiki chache baadaye tukapata mwaliko wetu. Barua ilikuwa senti ishirini na tano wakati huo, kwa hiyo bahasha ilikuwa imejaa stempu tisa, jina letu limebanwa kwenye kona. Elwood akaichukua akitabasamu. Kisha tabasamu likakatika. Akavua miwani, akaenda dirishani, akarudi akaketi bila kuangalia kiti kiko wapi, nusura aanguke.

"Nini tena? Nani kafa?"

"Hizi mbili," akasema kwa sauti ndogo. "Katikati yake hakuna matundu ya kuchania. Mashine ya kutoboa iliruka."

Nikatazama. Kweli, stempu zote zilikuwa na meno pande zote, ila hizo mbili zilikuwa zimeungana kama mapacha. Nikakumbuka Geneva aliniambia kwenye simu, "Kuna mbili zilikataa kuchanika, shoga, nikawabandikia ninyi hivyo hivyo." Elwood alikuwa ametafuta kosa la aina hiyo tangu hajaota ndevu. Nikamuuliza thamani yake.

"Gari jipya," akasema. "Na chenji inabaki."

Kisha akaanza kuzungukazunguka kwa maneno: eti barua ni mali ya aliyeandikiwa, eti ndivyo ilivyo kila mahali.

"Alaa! Si wewe uliyemwambia azilambe?"

"Ardith, nikisema hadharani kwamba sikuzifungua, nani ataniletea kasha lake tena? Meza ile nitamwachia nani, Mortimer?"

Hapo ndipo nilipomwonea huruma, maana meza ile aliipenda kuliko chakula, na Mortimer, mwenzetu wa chama, alikuwa akiimezea mate miaka yote. Lakini sikumlegezea. "Mimi sitasema neno," nikamwambia. "Ni jina lako. Ila mwanaume nitakayekaa naye kwenye ile harusi, nitamjua huko huko ni mtu wa namna gani."

Akanuna mpaka siku ya harusi.

Chama kizima kilikuwepo. Tumekula, tumekunywa, watu wanasimama mmoja mmoja kuwatakia maharusi heri, mara Elwood naye huyo kasimama.

"Nilithamini stempu za Harlan kwa kidole gumba," akasema. "Nilikuwa na njaa, na nilidhani najua kila kitu. Nilikosea. Geneva, samahani." Akamwekea ile bahasha mkononi, akataja bei yake mbele ya watu wote.

Mortimer alikenua meno mpaka nikataka kumrushia pai.

Clyde akaipindua bahasha. "Mbona unaturudishia mwaliko? Kwani huji? Na ulivyokula!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Geneva alikuwa analia na kucheka pamoja, akambusu Elwood juu ya upara, akamwachia rangi ya mdomo pale. Mimi nililia waziwazi, sioni haya kusema.

Alhamisi iliyofuata Elwood akagoma kutoka nyumbani. "Mpe Mortimer meza." Nikamvuta kwa mkono mpaka garini.

Kule chini ya kanisa, watu walikuwa wamejipanga hadi kwenye ngazi. Wa kwanza kabisa alikuwa Geneva, amekumbatia kasha jingine, kubwa kuliko lile la kwanza.

"Hili nalo ni la Harlan," akasema. "Zile za mwanzo alizinunua ili zimtajirishe tu. Hizi ndizo alizozipenda. Nilikuficha."

Elwood akashangaa. "Kwa nini?"

"Nilikuogopa, Elwood. Mtu asiyekosea hata mara moja, ningejuaje siku amekosea?"

Elwood akamvutia Geneva kiti, akaketi, akaitoa karatasi ya kwanza kwa kibano taratibu.

"Ardith," akaniambia bila kuinua kichwa, "nenda kale. Leo nafungua moja moja."