Wakati Uliopita wa Kutikisika

Jana mchana, ndizi zikiwa bado nzito tumboni, Kokushubira aliota kwamba kabati lao la vyombo limekuwa msimamizi wa mtihani.

Alikuwa na sababu ya kuota hivyo. Kesho yake alitakiwa aende Bukoba mjini kujibu maswali ya Kiingereza, ili achukuliwe kufundisha vijijini namna ya kujiokoa majanga yakitokea. Kwa wiki tatu alikuwa akikariri maneno ya mafuriko, ukame na maporomoko, na yote yaliingia vizuri. Alipofika kwenye tetemeko tu, moyo ulimwenda mbio. Tetemeko lililowahi kupita kijijini kwao lilimkuta jikoni, na baba yake, Mzee Byarugaba, amelala chumbani. Kokushubira alitoka mbio peke yake. Baba alitoka baadaye, mweupe kwa vumbi, akauliza kama chai imemwagika. Hakulitaja tena jambo lile, na binti yake hakuthubutu.

Sasa kabati linamwita kwa jina.

"Kokushubira binti Byarugaba. Umekuja na vitenzi vyako?"

"Nimekuja navyo."

"Viweke mezani. Vile vikorofi tu."

Anaviweka. Vitenzi vinainusa meza na kukataa kukaa mstari mmoja.

Mlango unafunguliwa. Anaingia Aftershock, lile tetemeko dogo linalofuata kubwa, amevaa suti, anahema.

"Samahanini, nimechelewa."

"Kubwa lenyewe halijafika," linasema kabati.

"Basi nimewahi," anasema Aftershock kwa aibu. "Haijapata kunitokea." Anakwenda kukaa nyuma kabisa.

Hapo chumba cha mtihani si chumba tena. Ni uani kwao, na ardhi inatikisika. Dirishani anamwona Baba, anakunja blanketi taratibu.

"Baba, toka nje!"

"Siwezi, mwanangu. Nimo kwenye sentensi."

Ni kweli. Juu ya mlango imeandikwa kwa chaki, kwa Kiingereza, kwamba ardhi inatikisika na Baba yumo nyumbani. Kabati limeshatoka nje kwa miguu yake minne.

"Hiyo ni sentensi ya wakati uliopo," linaeleza. "Haiishi mpaka mtu aipeleke wakati uliopita. Badilisha vitenzi. Vyote viwili."

Kokushubira anaokota chaki na kuandika "shaked".

Ardhi inasimama kidogo, inalisoma. "Neno hilo silijui," inasema, na kuendelea. Matofali mawili yanashuka ukutani kwa adabu.

"Shook"! Amelikumbuka. Anainua mkono aandike, mkono unagoma. Vitenzi vyote viwili vikienda wakati uliopita, Baba naye atakwenda. Atakuwa mtu wa kusemwa "alikuwa".

"Baba simpeleki huko," anasema.

"Ndiyo kanuni."

"Kanuni hiyo siitaki."

Vikombe vyote ndani ya kabati vinageuka kumtazama.

Miguu ya Kokushubira imeshageukia barabarani, kama mara ile. Anainama, anaigeuza kwa mikono, mmoja baada ya mwingine, na kuingia nayo ndani.

Chumbani, kando ya Baba, ameketi Nukta, mweusi, mnene kama chungu.

"Nakuomba ukakae pale katikati ya sentensi," Kokushubira anamwambia. "Ardhi ibaki upande mmoja, Baba upande mwingine."

"Nikikaa pale, sentensi zitakuwa mbili."

"Ndicho ninachotaka."

"Huyu mzee atahitaji herufi kubwa."

"Anayo tangu kuzaliwa."

Nukta anafikiri, anashuka kitandani, anabingirika hadi mlangoni na kukaa. Kokushubira anamshika Baba mkono kwa nguvu zake zote. Kwa mkono wa pili anaandika kwamba ardhi ilitikisika. Kwenye upande wa Baba habadilishi wakati. Anafuta neno la nyumba tu kwa pindo la kanga, anaandika kwamba Baba yupo hapa.

Ardhi inatulia.

"Ala," inasema. "Kumbe nilishamaliza."

Wanatoka wote wawili. Kule nyuma Aftershock ananyoosha kidole. "Na mimi je?"

"Wewe unafuata la kwanza," linasema kabati. "Na la kwanza limepita."

"Basi nami nimepita," anasema Aftershock, anashusha pumzi, analegeza tai na kwenda zake.

Kokushubira aliamka barazani, juu ya mkeka, jua likiwa bado kali. Kifua kilikuwa chepesi, akashangaa. Baba naye alitoka chumbani alikokuwa amelala mchana huo, akipiga miayo. Mzee yule hajasoma Kiingereza hata siku moja, hata salamu.

"Mwanangu," alisema, "'shook' ndiyo nini? Nimeamka nalo mdomoni."

Kokushubira aliketi wima juu ya mkeka.

"Maana yake ilitikisika, Baba. Ikaisha."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Safari hii Kokushubira alisema. "Ulikuwa ndani. Mimi nilikimbia, nikakuacha."

"Ya zamani hayo nayajua, na sina neno nayo." Mzee alivuta kiti, akakaa karibu naye. "Nauliza ya leo."

"Leo nilirudi."

"Najua," alisema Mzee Byarugaba, akipandisha mkono wa shati na kusugua kifundo cha mkono. "Lakini siku nyingine usinivute kwa nguvu hivyo."