Mizani ya Lusungu

Mume wangu Ambindwile hawezi kuona ndoano ikakaa bure. Huo ni ugonjwa wa wakulima wa chai: miaka nenda rudi anabishana na karani juu ya uzito kwenye banda la kuuzia majani, sasa kila kinachoning'inia anataka akipachike mzigo.

Mjukuu wetu Lusungu, wa kidato cha tatu, alikuwa ametengeneza mizani kwa ajili ya mashindano ya sayansi kule Bulyaga, Tukuyu. Alitumia springi ya kitanda kibovu, ubao na mshale wa bati. Alining'iniza pakiti za chumvi, akiongeza moja moja, na kila mshale uliposimama akachora mstari. Washindi wangepelekwa Mbeya, na mtoto hakuwa na wimbo mwingine.

Jumapili, Lusungu akiwa kwaya, jirani yetu Jairo alipita na mkungu wa ndizi. Ambindwile akataka kutamba. Akautundika mkungu mzima kwenye ile springi, ikavutika mpaka ndizi zikagusa sakafu. Walipouondoa, springi haikurudi ilikokuwa, mshale ukabaki chini ya mstari wa sifuri.

Mtu mzima angesema. Yeye akafupisha kamba ya juu, mshale ukapanda kwenye sifuri, akanyamaza. Mimi nilikuwa jikoni, sikujua kitu.

Siku ya mashindano, mwalimu aliyekuwa mwamuzi akatundika pakiti moja ya chumvi. Mshale ukapita mstari wa pakiti mbili. Lusungu akaitoa, akairudisha. Ukapita tena.

"Samahani, mwalimu," akasema. "Nadhani nilikosea kupima."

Mwalimu akaandika, akaenda meza nyingine. Ambindwile kando yangu alikuwa anatoka jasho, na baridi ya Tukuyu ile. Nilidhani malaria. Kumbe alikuwa na nafasi ya kusimama na kusema neno moja, na akakaa nayo mpaka wakatangaza majina ya wengine.

Njiani kurudi ndipo alipofungua mdomo.

"Mjukuu wangu, ni mimi. Nilitundika mkungu wa Jairo, nikavuta kamba usione."

Nilitamani Lusungu afoke. Ningemsaidia.

"Springi ikivutwa kupita uwezo wake hairudi, tena inalegea, babu," akasema. "Lakini bado inapima. Ungeuacha mshale pale ulipobaki, ningeona. Ningechora mistari mingine jioni ile ile."

"Niliogopa utaumia."

"Nilidhani nimekosea mimi. Kabla hatujaondoka nimemwambia mwalimu wangu wa darasa kwamba fizikia siiwezi, anitoe kwenye darasa la sayansi. Amekubali."

Ambindwile alisimama katikati ya barabara. Akaniuliza kama mwalimu huyo bado atakuwa shuleni saa hizi. Nikamwambia aende akaone mwenyewe, nami nikamshika mtoto mkono tukaendelea.