Nani Anaizima Betri ya Konokono?

Betri ilikuwa nyepesi, na hapo ndipo shaka ilipoanzia. Mama Mizani aliinyanyua kwa mikono yake mwenyewe, akaishusha, akainyanyua tena, kisha akamtazama fundi umeme kama mtu anavyomtazama muuza maziwa siku ya mvua.

"Fundi, hii ina kitu ndani kweli?"

"Ina kila kitu, mama. Lithiamu ndivyo ilivyo. Nyepesi, lakini hii moja inazishinda zile mbili zako za zamani."

"Mm," alisema Mama Mizani, na wanaomjua wanajua kwamba ile "mm" yake si ya kukubali.

Msimlaumu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtunza stoo wa hospitali, mtu asiyepokea gunia la mchele bila kulipandisha kwenye mizani, hata liwe limeletwa na mchungaji au shehe. Jina lile alipewa na wapishi wa jikoni, wala hawakuwa wakimsifu. Stoo ilimfundisha jambo moja: kikiwa chepesi, kuna mkono umepita. Sasa amestaafu, lakini akili haistaafu. Hata nyanya za sokoni anazipima kiganjani huku akimkodolea macho muuzaji mpaka mwenzake anaongeza moja kwa hofu.

Betri yenyewe ilikuwa ya Konokono. Konokono ni gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, ambalo yeye na mumewe walilinunua na kulitia kitanda, jiko la gesi, sinki dogo na friji isiyozidi ukubwa wa sanduku la nguo. Wakaliita Konokono kwa sababu lilibeba nyumba mgongoni na halikuwa na haraka. Mumewe alikuwa dereva wa malori tangu ujana, na walipokuwa wakilipigilia misumari alikuwa akiimba.

Lakini safari iliyowangoja haikuwa ya kustarehe. Dada mkubwa wa Mama Mizani, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa mgonjwa mahututi mji wa mbali, na kila akipiga simu sauti ilikuwa imepungua. "Njoo nikuone, mdogo wangu," alisema mara ya mwisho. "Ukichelewa, utaniona wewe peke yako."

Basi angepanda basi, mtasema. Alishapanda. Mama Mizani ana kisukari, na dawa yake ya kujidunga haitaki joto. Safari ile alibeba dawa kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu, basi likaharibika juani, barafu ikawa maji ya uvuguvugu, na yeye akashushwa kwa kubebwa. Akaapa harudii. Ataenda na Konokono, na friji yake, au hataenda. Na zile betri mbili za zamani, za asidi, zilikuwa zinakata roho kabla hata jogoo hajawika.

Pesa haikuwepo ya kuchezea. Fundi ndiye aliyepanga: wanunue betri moja badala ya mbili, isiyo na jina kubwa, paneli ya sola ya zamani ibaki palepale juu ya paa, sanduku la betri mumewe alitengeneze kwa mbao zilizobaki. Ila kwenye fyuzi, waya mnene na kifaa cha kuchajia aligoma kabisa kubana. "Hapo ukifanya ubahili, mama, utaungua na gari lako." Mama Mizani alilipa, huku moyoni akisema, haya, tutaona ni nani atakayeungua.

Siku ya kuifunga, fundi alitoa simu akawaonyesha programu ya betri, picha ya kijani inayoonyesha chaji imebaki kiasi gani. "Na ukitaka kuizima, unaizimia hapahapa." Akagusa kioo, taa ya ndani ya gari ikazimika. Akagusa tena, ikawaka. Fundi akacheka. Mama Mizani hakucheka. Mumewe alikuwa ameegemea mlango wa gari, mikono mifukoni.

Sasa, dawa ni ghali, na Mama Mizani si mjinga wa kuijaribia friji asiyoiamini. Jioni ile aliweka kipande cha siagi kwenye kisahani, akafunga mlango wa friji, akaenda kulala. Asubuhi alikikuta kimelegea, kinateleza kwenye kisahani. Friji kimya. Taa hakuna.

Fundi akaitwa. Akagusa simu yake, kila kitu kikafufuka. "Betri ni nzima, mama, na chaji imejaa. Ilizimwa tu."

"Imezimwa na nani?"

"Labda umeigusa kwenye simu bila kujua."

"Simu yangu hii?" Akaitoa, ya vitufe, iliyofungwa kwa mpira wa pesa. "Hii inajua tochi na redio, basi."

Kesho yake, siagi maji tena. Na kesho yake. Mumewe akatikisa kichwa, akasema kwa upole, "Si nilikwambia? Rahisi ni ghali. Tungoje tu, tujikusanye, tununue ya maana."

"Tungoje? Umwambie dada naye angoje?"

Mzee alitoka nje uani, akapapasa kiti kwa mkono kabla ya kukaa.

Mama Mizani akaanza kupiga hesabu zake za stoo. Kitu kikipotea, uliza nani ananufaika. Ni nani anayejua kuizima betri kwa simu? Fundi. Nani anapita getini kwao kila jioni akirudi kwake? Fundi. Nani anaitwa kila asubuhi na kunywa chai ya watu? Fundi!

"Lakini hajadai hata senti ya kuja," alisema mumewe.

"Ndiyo maana namshuku. Anasubiri nichoke, aniambie ninunue nyingine."

Hapo mzee alinyanyuka kama mtu anayetaka kumzuia. Mama Mizani alikuwa ameshajitanda kanga na yuko nje.

Karakana ya fundi ilikuwa kibanda kando ya njia, chenye meza moja iliyojaa redio zilizopasuliwa matumbo na benchi la wateja mlangoni. Siku hiyo benchi lilikuwa limejaa. Mama Mizani hakusalimu. "Wewe mwizi!" alianza, na akaendelea bila kupumua: betri feki, mkono mrefu, kuzimazima vitu vya watu kwa simu kama mchawi. Mwanamume mmoja aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi alisimama taratibu, akachukua pasi yake mezani, akaondoka nayo.

Fundi alimtazama yule mteja mpaka akapotea kwenye kona. Kisha akamgeukia Mama Mizani.

"Mama, jana jioni nilisimama getini kwako."

"Mmesikia? Amekiri mwenyewe!"

"Nilikuja niichungulie betri yako inaendeleaje, maana usingizi sipati kwa ajili yako. Simu yangu ikakataliwa. Betri ile inashikana na simu moja tu kwa wakati mmoja, na kulikuwa na simu nyingine imeshaishika. Mawasiliano yake hayafiki mbali, ni hatua chache tu. Anayekuzimia yuko ndani ya ua wako, mama. Nenda kamtafute huko, mimi niache nifanye kazi."

Mama Mizani alirudi nyumbani akiwa amefura. Ujeuri ulioje! Ndani ya ua? Ua una nani? Una yeye, na simu yake ya tochi. Una kuku, na kuku hawana simu. Na una...

Miguu ikapunguza mwendo yenyewe. Akajaribu kulifukuza wazo lile, likagoma kufukuzika. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wahenga, na wao hawakuwa wakizungumzia mafundi umeme.

Mumewe alikuwa amekaa palepale uani. "Naomba simu yako," alisema Mama Mizani, akiilainisha sauti. "Yangu haina salio, nataka kumpigia dada."

"Nikupigie mimi."

"Nipe tu, mume wangu."

Alimpa. Mama Mizani aliifungua, na jambo la kwanza lililomshtua si lile alilokuwa akilitafuta. Maandishi ya simu yalikuwa makubwa ajabu, kama ya kibao cha duka. Neno moja lilijaza kioo kizima. Akatelezesha kidole. Akatelezesha tena. Ikaja picha ya betri, kijani, imenona, na chini yake kitufe kikubwa cha kuzimia.

"Nani alikuwekea hii?"

Mzee akaanza kuinuka kitini.

"Nakuuliza wewe!"

"Kijana wa duka la simu," alisema mzee, akiangalia chini.

"Dada yangu anakufa!" Mama Mizani alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Anakufa huku ananiita, na wewe unakaa hapa kunizimia friji! Nimekukosea nini?"

"Sioni," alisema mumewe.

"Huoni nini?"

"Sioni, mke wangu. Macho yamekwisha. Mara ya mwisho nilipolitoa Konokono barabarani niliona gunia mbele yangu, nikasema nalipita hivi, pembeni. Gunia likasimama, likanitukana. Alikuwa mtu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ningekuambiaje? Mimi kuendesha ndiyo kazi pekee ninayoijua duniani. Nikasema betri ikikataa, kosa litakuwa la betri."

Mama Mizani alikaa chini palepale, vumbini, na kanga yake safi. Alikuwa na hasira ya kumrarua, na huruma ya kumkumbatia, na hakujua aanze na ipi. Mwishowe alilia tu. Alilia kwa sababu amelala na mtu huyu kitanda kimoja na hakujua, yeye aliyekuwa akigundua upungufu wa kilo moja ya sukari kwa kulitazama gunia kutoka mlangoni.

Halafu akamkumbuka fundi.

Alirudi karakana akiwa amenywea. Benchi lilikuwa bado lina watu, na watu wa benchi hawaondoki penye mchezo mtamu.

"Nimekuja kukuomba radhi, mwanangu."

"Nimesikia, mama. Lakini ulinichafua mbele za watu, basi nisafishe mbele za watu. Nani alikuwa anaizima?"

Mama Mizani aliwatazama wale wa benchi. Aliwajua. Ndio haohao waliomwita mumewe "Kapteni" kila alipopita, wakamuuliza habari za barabara za mbali. Akimtaja, kabla ya jioni mtaa mzima utajua.

"Mimi," alisema. "Nilikuwa naizima mwenyewe, kwa ujinga wangu."

"Kwa simu ya tochi?" fundi aliuliza.

Mtu mmoja akacheka. Mama Mizani, ambaye hajawahi kusema uongo wa hesabu maishani mwake, alisimama pale jasho likimtiririka mgongoni.

"Si yeye." Sauti ilitoka nyuma. Mumewe alikuwa amefika, mkono mmoja ukiwa umeshika ukuta wa kibanda, viatu vyeupe kwa vumbi. Alikuwa amekuja kwa kupapasa kuta za majirani, ua hadi ua. "Ni mimi. Siwezi tena kuendesha, sioni, na niliona haya. Huyu kijana ni fundi safi. Anayetaka kucheka sasa acheke, nimsikie yuko wapi."

Hakuna aliyecheka. Mama Mizani alikwenda akasimama karibu yake, bega kwa bega, akamshika mkono ambao haukuwa ukutani.

"Shemeji yangu ni mgonjwa," mzee aliendelea. "Gari ni zima, na betri ni nzima. Tumekosa dereva tu. Nani hapa ana leseni?"

Watu walitazamana. Fundi aliweka bisibisi mezani, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Ninayo mimi, mzee. Nitawapeleka."

Mama Mizani alifuta machozi kwa ncha ya kanga, akanyoosha mkono.

"Lete niione."

Fundi akaitoa. Mama Mizani aliitazama mbele, akaigeuza nyuma, akailinganisha picha na uso wa mwenyewe, akaiinua juani. Kisha akaifunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili.

"Itakaa kwangu mpaka tufike," alisema. "Tunaondoka alfajiri."