Sufuria Iliyofungishwa Kwaresima

Martina alichota chumvi kwa beleshi, akamimina kwenye kiroba, akachota tena. Mgongoni Yohana alinyonya kidole, akakitema, akalia. Nje ya banda lori lilikuwa linasubiri mzigo, na utingo hachoki kupiga honi.

"Mtoto ana njaa huyo," alisema Moza, akishona mdomo wa kiroba kwa shazia.

"Nimempa ziwa sasa hivi. Halina kitu."

Pembeni, sufuria kubwa ya uji wa wafanyakazi ilikuwa imelala kifudifudi tangu Jumatano ya Majivu. Mwaka huo Kwaresima na Ramadhani zilianza pamoja, na Mzee Erasmo, mwenye shamba la chumvi, akaona neema. "Waislamu wamefunga, Wakristo tumefunga. Nimpikie nani?" Na atakayetoka kutafuta chakula, asirudi.

Alfajiri hiyo jumuiya ilisali sebuleni kwake, maana yeye ndiye mwenyekiti. Martina alipangiwa somo la nabii Isaya. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Mungu anawauliza watu wake: mnafunga na kuinamisha vichwa, na siku hiyo hiyo mnawakandamiza wanaowafanyia kazi, hiyo ndiyo saumu niliyoitaka? Si kumgawia mwenye njaa chakula chako?

"Somo zuri," alisema Erasmo. Midomo yake ilikuwa imekauka. Alikuwa amefunga kwelikweli. "Manabii waliwasema Wayahudi wa kale, watu wa mioyo migumu. Sisi tuna Yesu."

"Lakini Mzee, Yesu naye alimsoma Isaya mbele ya watu wa kwao. Wakataka kumtupa bondeni."

Watu wakakohoa. Erasmo akafunga Biblia. "Mama Yohana, usichelewe kazini."

Sasa jua lilikuwa utosini. Martina aliona banda linazunguka, akashika kiroba.

"Kaa chini," alisema Moza.

"Nikikaa nitaandikwa mtoro."

"Kaa, nimesema! Padri wenu anasemaje kwa anayenyonyesha?"

"Hafungi."

"Na kwetu halazimishwi. Sasa huyu bosi dini ya tatu kaitoa wapi?"

Wanawake wakacheka, cheko fupi la koo kavu. Martina hakucheka. Alikuwa anamsikiliza Yohana. Kilio kilikuwa kimekuwa chembamba. Mama mwenzangu, mtoto akilia kwa nguvu usiogope sana. Ogopa anapoanza kunyamaza.

Moza alichomeka shazia kwenye kiroba, akaenda kuigeuza ile sufuria. Akapanga mafiga, akawasha vifuu, akafungua unga wake mwenyewe alioununua kwa ajili ya futari. Uji ulipochemka aliukoroga uso akiuelekeza pembeni.

"Njoo uonje mwenyewe," alimwambia Martina. "Mimi siwezi."

Erasmo akatoka ofisini, anatembea polepole kwa njaa.

"Nani kawasha moto siku ya mfungo?"

"Mimi," alisema Moza. "Na nimefunga."

Erasmo alimtazama, akamtazama Martina, akaitazama sufuria. Alionekana kama mtu anayetafuta mstari aliousoma zamani.

"Zima. Na kesho nyote wawili msije."

Moza hakuzima. Martina alikuwa ameshakaa juu ya kiroba, bakuli mapajani. Alijua maziwa hayaji papo hapo. Alijua pia kesho ataamkia wapi: mlangoni kwa watu, akiomba vibarua.

"Nimekusikia, Mzee," alisema. Akapuliza uji, akanywa.

Nyuma yake wanawake walianza kutafuta vikombe. Utingo akapiga honi, akapiga tena. Bandani hapakusikika beleshi hata moja.