Chai Iliyoharakishwa

Kiwandani walimwita Bi Ulimi, maana kazi yake ilikuwa kuonja chai, na kwa miaka kumi na tisa ulimi wake haukuwahi kumwangusha. Asubuhi ile alionja kikombe cha tatu, akatema kwenye ndoo, akainuka. Akakaa. Akainuka tena.

"Kulikoni leo?" akauliza mfagizi. "Umekalia siafu?"

"Afadhali siafu."

Kikombe kilikuwa cha daraja la kwanza: majani marefu, meusi, yamesokotwa utadhani yamepita kwa msusi. Kwa macho, huna la kusema. Lakini mdomoni chai ilikuwa na ukakasi na harufu ya nyasi mbichi. Chai ya namna hiyo imeharakishwa. Majani hayakuachwa yanyauke taratibu kabla ya kusokotwa. Yalipulizwa hewa ya moto yalegee upesi. Na msimamizi wa kunyausha majani alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi.

Akapanda ghorofani mbiombio. Alimkuta akipiga mluzi.

"Majani ya juzi uliyanyausha kwa muda gani?"

"Wa kutosha."

"Usinizungushe, mdogo wangu."

Mluzi ukakatika. "Kwa saa tano. Dada, mvua imenyesha, majani yanamiminika, meneja ananipigia kelele, 'Nafasi! Nafasi!' Ningeyaweka wapi, kichwani?"

"Yanataka saa kumi na nne."

"Lakini chekeche limeyapa daraja la kwanza. Wewe nani ubishane na chekeche?"

"Chekeche linajua ukubwa wa jani. Utamu linaujulia wapi?"

Kijana akamsogelea, akanong'ona. "Mnunuzi akija, wewe nyamaza tu. Mimi ni damu yako."

Tangu hapo Bi Ulimi hakutulia. Alisuuza vikombe vilivyokwisha kusuuzwa. Alikwenda mpaka mlangoni, akasahau alichofuata, akarudi.

Saa tisa mnunuzi akaingia na meneja. Alikuwa mzee mfupi mwenye kijiko chake mwenyewe mfukoni. Mezani palikuwa na vikombe viwili: daraja la kwanza, na vumbi, ile chai ya punje ndogo inayobaki chini kabisa ya chekeche. Vumbi hilo lilitoka kwenye majani ya wiki iliyopita, yaliyonyauka bila pupa.

Mzee akaonja, akapiga chafya, akacheka. "Mafua yamenimaliza, mama. Leo naazima ulimi wako. Ungekuwa na wageni nyumbani, ungewapikia ipi?"

Meneja akakohoa. Nyuma ya kioo cha mlango alisimama mdogo wake, hapepesi macho.

Mkono wa Bi Ulimi ukaelekea kikombe cha kwanza. Ukarudi.

"Vumbi," akasema. "Hii nyingine ni sura tu. Ilinyaushwa haraka haraka."

Mzee akachukua vumbi lote, daraja la kwanza akaliacha. Alipoondoka, meneja akamwita msimamizi kwa sauti iliyotikisa vikombe. "Kesho usije!"

Bi Ulimi akaingia kati. "Na aliyemwambia 'nafasi, nafasi' ni nani?"

Meneja akashusha sauti, akasema kijana asifukuzwe, ila mwezi mzima atafungasha magunia.

Getini mdogo wake alimsubiri. "Umenianika, dada. Umenianika mbele za watu."

"Nimekuanika," akakubali. "Ungetaka niseme uongo na ulimi uleule unaonilisha?"

Mdogo wake akavuka, akashika upande wa pili wa barabara, na wakatembea hivyo, huyu huku, huyu kule, mpaka nyumbani kwa mama yao. Mdogo mtu akatangulia kuingia. Bi Ulimi akabaki uani akizungukazunguka, viatu mkononi.

"Dada yako yuko wapi?" mama akauliza ndani.

Kiti kikaburutwa sakafuni.

"Yuko nje," sauti ya mdogo wake ikajibu. "Mwache kwanza, atulie."